Jina la Kaka Anshel

Zisl alipojifungua mtoto wa kiume, baba yake hakuuliza mtoto ana uzito gani wala kafanana na nani. Aliuliza, "Mmeshachagua jina?" Na hapo hapo wodini, mbele ya mkwewe aliyeshika maua kama mtu aliyekuja kuposa, ugomvi ukaanza.

Nilikuwepo. Nilikuwa na sufuria ya supu mapajani, nimeifunga kwa taulo, maana chakula cha hospitali za Melbourne ni cha kumwadhibu mzazi, si cha kumrudishia nguvu. Mimi ni Bashe, nauza kuku soko la Victoria, na nyumba yangu na nyumba ya Zanvil Kestenboim pale Mtaa wa Drummond, Carlton, zinachangia ukuta mmoja. Akipiga chafya kwake, mimi ndiye ninayemwombea afya kwangu. Zisl hana mama. Hene, mkewe Zanvil, aliondoka kwa ugonjwa wa figo miaka michache baada ya vita. Kwa hiyo supu ilikuwa yangu, na pua ya kuingia katika mambo ya watu nayo ilikuwa yangu.

"Tumechagua," Zisl akasema. Alimtazama mtoto, hakumtazama baba. "Anshel."

Zanvil akavaa kofia. Akaivua. Akaivaa tena.

"Hilo lina mwenyewe."

"Baba, jamani..."

"Lina mwenyewe, nimesema. Na mwenyewe yu hai."

Lionel, mkwewe, kijana wa watu aliyezaliwa hapa Melbourne na wazazi waliozaliwa hapa hapa, hakuelewa kitu. Kiyidi, lugha ya majumbani kwetu, anajua maneno matatu: mawili ni vyakula na la tatu si la kusemwa mbele ya wauguzi. Akatabasamu, akauliza kwa Kiingereza chake, "Kwani tatizo liko wapi? Serikalini tutamwandikisha Allan. Kila mtu atafurahi."

"Umemsikia, Bashe?" Zanvil akaniambia. "Kila mtu atafurahi." Kisha akamgeukia binti yake. "Siku ya nane, siku ya tohara, mkimwita hivyo, mimi sikanyagi. Tafuteni mwingine wa kumpakata."

Akatoka. Lionel akabaki na maua yake. Nikamwambia, "Weka hayo majani chini, baba, umpe mkeo kijiko."

Labda kwenu ni sifa kumpa mtoto jina la babu akiwa amekaa hapo anakula keki. Sisi tuliotoka kule Poland hatuthubutu. Malaika wa mauti ana kazi nyingi na haraka nyingi. Akija na jina moja akakuta vitanda viwili, atabeba aliye karibu. Jina tunampa mtoto kutoka kwa marehemu tu. Ndiyo maana baada ya vita, katika zile kambi za Ujerumani tulikokuwa tunangoja nchi ya kutupokea, watoto walikuwa wachache na majina yamejaa mpaka mlangoni. Mwanangu mimi nilimrundikia manne: la baba yangu, la kaka zangu wawili, na la mtoto wangu wa kwanza. Nikimwita yote, chakula kinapoa. Shuleni wenzake wanamwita Jack.

Basi kumwambia yule kichanga "Anshel" ilikuwa ni kusema kwamba Anshel, kaka yake Zanvil, amekufa. Neno hilo hakuna aliyewahi kulitamka mbele ya Zanvil. Si mimi, si Hene hata akiwa kitandani mwa mauti. Na Zanvil mwenyewe hakuwahi kumsomea Anshel dua ya wafu wala kumwashia mshumaa wa mwaka. Sisi wengine sinagogi ikifika siku ya marehemu tunajaa kama soko la Ijumaa. Yeye husimama nje na vijana ambao wazazi wao wako hai, anavuta sigara.

Huyo Anshel sikumjua kwa macho. Nilimjua kwa kusoma. Siku za kazi Zanvil alikuwa anapiga pasi suruali kwenye kiwanda pale Flinders Lane, mvuke mpaka kwenye ubongo. Jumapili asubuhi alikuwa mwandishi. Alihesabu kwa Kipolandi, alitukana kwa Kirusi, aliomba tikiti ya tramu kwa Kiingereza kilichomfurahisha kondakta kila siku, lakini kuandika ilikuwa Kiyidi tu. Hadithi zake zilitoka kwenye gazeti letu. Niliwafungia wateja kuku kwa gazeti hilo, lakini nisiseme uongo, ukurasa wake niliutoa kwanza. Wakati fulani alikuja mwalimu wa chuo kikuu, mtu mzuri, na tai yake, akataka kumgeuzia hadithi zake kwa Kiingereza zisomwe na nchi nzima. Zanvil akamkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza, "Na Anshel atasoma nini?"

Maana Anshel ndiye aliyekuwa msomaji. Alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji Lublin, mkubwa kwa Zanvil kwa miaka sita, na tangu wakiwa vijana hakuna mstari wa Zanvil uliotoka nje kabla Anshel hajaupitia. Zanvil alikuwa anakunja karatasi katikati kwa urefu, anaandika upande mmoja, na upande wa pili anamwachia kaka yake. Anshel anaandika pale: hapa mafuta yamezidi, punguza. Au: mwanamke wa hivi hasemi hivi, umewahi kuongea na mwanamke kweli? Sasa huku Melbourne Zanvil aliendelea kukunja karatasi vile vile. Siku moja nilimkuta mezani, nusu ya ukurasa imejaa, nusu nyeupe.

"Bwana mwandishi," nikamwambia, "nusu nzima umemwachia nani? Karatasi hizi zinaokotwa?"

"Mhariri."

"Yuko wapi huyo mhariri?"

"Amechelewa," akasema, akachovya kalamu.

Na msimwone mwendawazimu. Matumaini yake yalikuwa na miguu. Wakati wa vita mtu mmoja alimwambia mtu mwingine kwamba Anshel alivuka kwenda upande wa Warusi na ameonekana Tashkent, foleni ya mkate. Na tangu mwaka juzi Warusi walikuwa wamefungua mlango kidogo. Watu waliodhaniwa wamekufa walirudi Poland, na wengine wakapanda meli wakaja mpaka kwetu. Mwanamke wa Mtaa wa Rathdowne alimpokea mumewe gatini akiwa ameshaolewa na mwingine. Sasa wanakaa watatu mtaa mmoja na wanasalimiana. Kwa hiyo meli ikitia nanga Port Melbourne, Zanvil aliomba ruhusa kiwandani, akaenda kusimama na kipande cha boksi kilichoandikwa jina la kaka yake.

Wiki ile ya mtoto meli ilikuja. Nilimfuata, maana nilijua amekasirika na mtu akikasirika hali. Joto la Januari lilikuwa linayeyusha lami. Abiria walishuka na makoti ya manyoya mkononi, wanatutazama sisi wenye kaptula na vesti kama tumefilisika.

Zanvil alimkamata bwana mmoja mfupi aliyebeba mto wa manyoya ya bata kama anabeba mgonjwa.

"Samahani ndugu yangu. Umepita Tashkent?"

"Miaka minne. Kwani wewe ni polisi?"

"Namtafuta Anshel Kestenboim. Mpanga herufi. Mrefu, masikio makubwa, kidole hiki cheusi kwa wino, hakitakati hata kwa sabuni."

Yule bwana akaweka mto chini juu ya sanduku. Alimwangalia Zanvil kwa upole, na upole ule sikuupenda.

"Ndugu, Tashkent kulikuwa na Anshel wengi. Wa masikio makubwa, wa masikio madogo. Homa ya matumbo ilipoingia tulikuwa tunazika asubuhi na jioni, na wengine hatukujua hata wanaitwa nani. Ulimwacha lini?"

"Mwaka thelathini na nane."

"Na hajakuandikia?"

"Posta za kule unazijua mwenyewe."

"Nazijua," yule bwana akasema. "Mimi nilimwandikia barua dada yangu Brazil kutoka Tashkent. Zilifika tatu." Akainua mto wake. "Mungu akusaidie." Akaenda zake.

Tukakaa kwenye benchi kuelekea bahari. Nilikuwa na mayai ya kuchemsha na mkate mweusi. Nikammenyea yai, akalishika tu, hakula.

"Zisl ameniletea hili kusudi," alisema.

"Zisl amekuletea mjukuu. Yai linapata mchanga."

"Bashe, unajua kwa nini hakuja nasi?"

Sikujua. Miaka yote ya kuchangia ukuta, na sikujua.

"Vibali tulipata wote wanne," akasema. "Mimi, Hene, mtoto, yeye. Lakini kitabu changu cha kwanza kilikuwa kiwandani. Anshel alikuwa anakipanga mwenyewe, herufi moja moja, baada ya kazi, tajiri alimruhusu. Hakutaka mkono mwingine ukiguse. Akasema, nyinyi tangulieni, nikimaliza nitakuja nacho mkononi. Mimi ningeweza kusema, achana na kitabu, panda meli. Ulimi nilikuwa nao, ulimi huu huu ninaosifiwa nao gazetini. Unajua nilimwambia nini pale kituoni? Nilimwambia, hakikisha jina langu kwenye jalada liwe kubwa."

Ndege wa baharini walikuwa wanagombania ganda la yai.

"Sasa wewe nipigie hesabu," akasema. "Akiwa hai, amechelewa. Akiwa amekufa, nimemuua kwa kitabu ambacho sijakiona. Halafu binti yangu ananiambia nichague, mbele za watu, na keki mezani."

Mimi nina mzaha wa kila jambo. Nina mzaha wa njaa, wa kambi, wa mume wangu wa pili na meno yake ya bandia. Pale benchini niliutafuta nikaukosa. Nikamenya yai la pili nikala mwenyewe.

Siku moja kabla ya tohara nilivuka mto kwenda kwa Zisl, Caulfield, wanakohamia watu wetu wakishapata uwezo wa kumiliki majani na mashine ya kuyakata. Alikuwa ametoka hospitali asubuhi ile, miguu imevimba, na bado anakunja nepi. Nikamwambia akae. Akakaa, akaendelea kukunja.

"Shangazi Bashe, yeye anadhani namzika kaka yake ili nipumzike na kelele zake."

"Hakusema hivyo."

"Anasema kwa kofia. Namjua." Akasukuma rundo la nepi. "Mimi nilikuwa na miaka mitano. Pale kituoni Lublin baba mkubwa alinipandisha mabegani nione treni inavyoingia. Nilimshika masikio. Nayakumbuka mpaka leo, yalikuwa ya baridi. Sura siikumbuki, shangazi. Nimejaribu. Masikio tu. Baba ana sura yote, lakini ameifungia ndani na ufunguo ameuficha. Mimi nikifa, hata masikio hayatakuwepo."

"Si umwite Mendl basi, jina la babu yako? Baba yako hana neno na Mendl."

"Mendl wapo wawili tayari. Mmoja wa binamu yangu Paris, mmoja wa yule wa Buenos Aires. Anshel hana hata mtu mmoja duniani."

Chumba cha pili mtoto alikuwa anatafuta sauti yake, kama redio inayotafuta mawimbi.

"Mwambie nimeacha," Zisl akasema. "Nimeshaongea na Lionel. Ni Mendl. Sitaki mwanangu apakatwe na mtu wa kuazima wakati babu yake amekaa Carlton anakunja karatasi. Mwambie aje tu."

"Utalia?"

"Nina nepi za kukunja."

Kesho yake asubuhi nilipomgongea Zanvil alikuwa amevaa suti, amenyoa, amekaa kitandani. Hakuwa na nia ya kwenda wala ya kubaki. Alikuwa amevaa tu. Nikamshika mkono kama mtoto wa shule tukapanda tramu. Tulipovuka daraja la mto nikamwambia.

"Umeshinda. Ni Mendl."

Akageuka. "Nani kasema?"

"Mwenyewe. Amekuachia."

Nilidhani atapumua. Hakupumua. Alitazama dirishani vituo vinne, vitano.

"Alilia?"

"Alikunja nepi."

"Mama yake alikuwa hivyo hivyo," akasema. Baadaye kidogo, kama anazungumza na kioo, akasema, "Mendl tunao wawili."

"Basi atakuwa wa tatu. Wataanzisha bendi."

Hakucheka, na mimi sikurudia.

Nyumbani kwa Lionel wanaume walikuwa wameshatimia kumi wanaotakiwa kwa dua, na zaidi, wengi wao rafiki za Lionel, wamevaa vikofia vya kuazima vinavyowateleza kichwani, wanaongea mpira. Mama yake Lionel alikuwa amepanga glasi kwa mstari ambao hakuna mtu wetu angeweza kuupanga. Ngariba alikuwa mzee Feivl, ndevu kama fagio, mikono kama ya mshona hariri. Wanawe wenyewe wanne aliwatia jando yeye na hakuna anayemlaumu. Kiti kimoja kiliachwa wazi kwa ajili ya nabii Eliya, kama kawaida. Zanvil akakaa kwenye kiti cha pili, akawekewa mto mapajani, na mtoto akawekwa juu ya mto.

Sisi wanawake tulisimama mlango wa jikoni. Zisl alikuwa mbele yangu, ameuma kitambaa.

Sitasimulia kisu. Mtoto alilia kilio kile kimoja kinachowafanya wanaume wote chumbani watazame dari, kisha akapewa tone la divai, akanyonya kidole cha Feivl kama mlevi mzoefu. Zanvil hakutazama dari. Alimtazama mtoto muda wote, mikono yake miwili imeshika vile vigoti, na sikuwahi kumwona akishika kitu kwa namna ile, hata kalamu.

Feivl akainua glasi, akaanza dua, akafika pale pa jina, akamwinamia Lionel. "Haya baba, sema."

"Mendl," Lionel akasema. Alikuwa amefanya mazoezi. Lilitoka mdomoni mwake kama jina la dawa ya kikohozi.

"Anshel," akasema Zanvil.

Feivl akasimamisha glasi hewani. "Semeni moja, jamaa. Kijana amejeruhiwa, anataka kujua yeye ni nani."

Lionel alimtazama mkewe. Zisl hakutikisa hata kichwa. Alimtazama baba yake, na mimi niliyekuwa nyuma yake niliona mgongo wake tu, na mgongo ulikuwa unasema kila kitu.

"Anshel mwana wa Leib," Zanvil akasema kwa sauti kubwa, ile sauti aliyokuwa anasomea hadithi zake Jumapili. Leib ndilo jina la Lionel la sinagogi. "Andika hivyo, tangaza hivyo. Anshel."

"Na aitwe jina lake katika Israeli Anshel mwana wa Leib," Feivl akaimba, na rafiki za Lionel wakapiga makofi, maana hawakujua kilichotokea, na mama yake Lionel akasema kwa Kiingereza kwamba ni jina zuri, tena linaanza na A kama Allan.

Watu wakahamia mezani. Samaki wa chumvi na vitunguu, keki ya asali, vodka. Nilimwona Zanvil amesimama kando ya Feivl, ambaye shavu lake moja lilikuwa limejaa samaki. Nikasogea. Pua, nimeshawaambia.

"Feivl, nikuulize jambo la sheria. Mtu akipata habari ya msiba imechelewa, miaka, anakaa matanga siku ngapi?"

"Zikishapita siku thelathini? Hakai siku." Feivl akameza. "Anakaa saa moja. Anavua viatu, anakaa chini, saa moja, anainuka, basi."

"Hata kwa ndugu wa tumbo moja?"

"Hata kwa ndugu. Kwa nini?"

"Nauliza."

"Habari umeipata lini?"

"Sasa hivi."

Feivl akaweka uma. "Nani kakuletea?"

"Nimejiletea mwenyewe," Zanvil akasema.

Feivl ni mzee; amewakata watoto wetu na amewazika wazee wetu. Alimtazama Zanvil kwa muda, kisha akatazama meza, keki, vijana wanaimba wimbo wa timu yao ya mpira. "Leo ni furaha, Zanvil. Kaa kesho."

"Kesho nitakuwa nimeshapata sababu ya kutokaa."

Feivl hakubishana. Akamfungulia mlango wa chumba cha kufulia, nyuma ya jiko. Zanvil akaingia, akavua viatu, akavipanga ukutani, akakaa kwenye kigoda ambacho Lionel hukalia akipiga viatu rangi. Nikaingia nikakaa juu ya kapu la nguo, maana mtu wa matanga haachwi peke yake. Kwa desturi yetu anayekuja kuhani hafungui mdomo mpaka mfiwa afungue wake. Kwangu mimi hiyo ni adhabu, lakini nilikaa kimya. Ukutani nepi zilikuwa zinadondosha maji. Soksi yake ilikuwa na tundu na kidole kinachungulia.

"Saa moja," akasema mwishowe. "Kwa Anshel. Yeye kwa ukurasa mmoja alikuwa anakaa zaidi ya hapo."

"Soksi yako imetoboka," nikasema. Ndivyo lilivyotoka.

"Iache."

Akakaa. Mabega yake yakaanza kwenda, bila sauti. Sikumshika. Kuna kilio cha kushikwa na kuna kilio cha kuachwa, na mimi nimelia vyote viwili.

"Sasa nitamwandikia nani, Bashe?" akauliza alipoweza. "Yule mdogo hatasoma. Atasema neno moja la Kiyidi, la chakula, kama baba yake. Miaka yote hii kila nikiandika nilikuwa nasikia anakohoa pale, upande wa pili wa karatasi. Leo asubuhi nilikaa nikasikiliza. Hakuna."

"Niandikie mimi."

"Wewe unafungia kuku."

"Nasoma kwanza. Na nikuambie, yule mwanamke wa hadithi ya wiki ile, mjane wa mwokaji, umemfanya mtakatifu mno. Wajane wa waokaji nawajua. Mafuta yamezidi."

Akaniangalia. Sijui kama nilifanya vizuri au vibaya kulisema neno la marehemu. Alijipangusa pua kwa mkono wa suti yake nzuri.

"Yamezidi," akasema.

Mlango ukafunguliwa taratibu. Alikuwa Zisl, mtoto kifuani. Nadhani Feivl alimwambia, au aliona mwenyewe viatu vya baba yake havipo miguuni. Alisimama. Akatazama kile kigoda, ile soksi, mimi juu ya kapu. Kisha, na alikuwa mzazi wa wiki moja, akashika ukuta akajishusha mpaka sakafuni, kwenye saruji, akakaa karibu na goti la baba yake. Alimngoja afungue mdomo, kama inavyopaswa.

Mtoto akaanza kugeuza kichwa huku na huku, anatafuta, anakasirika.

"Mpe anyonye," Zanvil akasema. "Anshel ana njaa."

Zisl akafungua vifungo. Kilio chake kilikuja hapo, kwa sauti, wakati mtoto ameshakamata ziwa na haulizi kitu, na mkono wa Zanvil ulikuwa juu ya kichwa cha binti yake, umekaa tu, hauna la kufanya.

"Masikio yake yalikuwa ya baridi kwa sababu hakuvaa kofia," akamwambia. "Januari, theluji kila mahali, na yeye hana kofia. Alikuwa ameniazima mimi kwa ajili ya safari."

Mimi sikuwa nimemwambia Zanvil jambo la masikio. Zisl alimwambia mwenyewe, au Zanvil alikuwa analijua siku zote.

Upande wa pili wa ukuta walikuwa wamefika kwenye wimbo wa tatu na mtu anagonga meza kwa ngumi. Saa ya Zanvil ilikuwa bado. Niliinuka niende nikawaambie wapunguze kelele, kuna matanga humu. Nilipofika jikoni nikamwona Lionel na kikofia chake kimeangukia sikio moja, anamwinulia glasi kila mtu, anasema "Anshel! Anshel!" na kulikosea kila mara. Nikawaacha. Nikarudi chumba cha kufulia, nikaufunga mlango nyuma yangu, nikakaa tena juu ya kapu.